Mbao na maji: kutoka jahazi la ziwa hadi meza ya jikoni

Mutarule, Uvira. Katika Aprili 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani ao unaingia. Wenyeji waliwajibu: unaingia. Mitumbwi hiyo ilichongwa kwenye magogo ya miti, lakini wakati huo Waarabu wa biashara walikuwa tayari na jahazi la mbao katika ziwa Tanganyika.

Ubao ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Ukifanya hivyo mara nyingi, unapasuka. Kwa sababu hiyo mafundi wa pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa na kinga tatu. Kwanza kalafati: pamba yenye mafuta inapigwa kwa nyundo ndani ya maungio ya mbao. Pili sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ya kupaka juu. Tatu deheni, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa, kwa sehemu inayokaa majini. Hakuna kinga iliyodumu. Chombo kilipandishwa ufukoni na kupakwa tena.

Meza ya jikoni inafuata kanuni ile ile. Katika Bonde la Ruzizi mafuta yaliyo karibu ni mawese, ambayo Burton aliyakuta hata sokoni Ujiji. Yanaupa ubao wekundu mzuri, lakini hayakauki: ubao unanata, unashika vumbi, kisha unanuka, na wekundu unafifia kwa jua. Mafuta ya mbegu za kitani ni tofauti. Yakikutana na hewa yanaganda, na ndiyo yaliyotumiwa kupika verni nyingi za zamani huko Ulaya.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, na familia nyingi zilikimbia bila vyombo. Kwa mama anayeanza upya na meza moja, meza hiyo ikioza ni hasara kubwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Ubao ukaushwe vizuri, usuguliwe kwa msasa kufuata nyuzi zake, upanguswe vumbi. Kama rangi inatakiwa, ipakwe mbele ya mafuta. Mafuta yapakwe kidogo. Baada ya dakika 15 hivi yaliyobaki juu yafutwe, ubao uachwe mpaka ukauke, ndipo yarudiwe. Mafuta ya kitani yanayouzwa pamoja na rangi za nyumba mara nyingi yana dawa za kuyakausha haraka: hayafai pale chakula kinapokatwa. Hapo nta safi ya nyuki ni salama.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe wala kurundikwa. Vinapata moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Katika kambi ya mahema ao nyumba za mbao zilizosongamana, kitambaa kimoja kinaweza kuunguza wengi. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke, ao vitiwe ndani ya maji.