Kipande, Njaa na Shibe: Kisukari Kilivyopanda Usambara

Mwaka 1889 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyahusisha. Mjini Strasbourg, uliokuwa chini ya himaya ya Wajerumani, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa kupita kiasi, na mkojo ulipopimwa ukakutwa umejaa sukari. Desemba ya mwaka huohuo, huko Pangani, Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, na njia ya kupanda Usambara ikabaki wazi mbele yao. Himaya ileile iliyogundua kuwa kisukari huanzia kwenye kongosho ilikuwa inaanza kugeuza maisha ya mlima mmoja kwa namna ambayo, baada ya karne nzima, ingeonekana kwenye damu ya watu.

Ugonjwa wenyewe ni mkongwe. Matabibu wa India ya kale walitazama kama sisimizi wanaukusanyikia mkojo wa mgonjwa, na Ibn Sina aliandika juu ya utamu wa mkojo huo karne ya 11. Ila hakuna aliyejua la kufanya. Chakula tunachokula huvunjwavunjwa kuwa sukari, na ili sukari hiyo itoke kwenye damu iingie mwilini ifanye kazi, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Pasipo insulini, mtu hukonda huku anakula, hunywa maji hayamtoshi, na huamka usiku kucha kwenda kukojoa.

Tuirudie Usambara. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga, mji mkuu wa Wasambaa, mwaka 1848, Kimweri ye Nyumbai alikuwa anatawala mlima wote na sehemu ya nyika hadi karibu na pwani. Chakula kikuu kilikuwa ndizi, na kando yake mahindi, maharage na muhogo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa miaka ya 1960, ameeleza vizuri jinsi walivyoifikiria afya: mtawala mwenye nguvu huiponya nchi, *kuzifya shi*, mvua ikanyesha na watu wakashiba, watawala wakigombana huiharibu, *kubana shi*, na njaa ikaingia kila nyumba. Mwili wa mtu mmoja haukutenganishwa na hali ya nchi. Nitadai hapa kwamba fikra hiyo inakieleza kisukari cha leo vizuri kuliko nasaha ya "punguza sukari kwenye chai" tunayopewa tukitoka kupimwa.

Wajerumani waliifanya Wilhelmstal, yaani Lushoto, kuwa makao ya wilaya. Chini kwenye tambarare ukaenea mkonge, na reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Kilichobaki ilikuwa kupata watu wa kufanya kazi. Kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume wa wilaya hiyo alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, na kutakiwa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Waliobaki nyumbani, wengi wao wanawake, waliachiwa mashamba. Waingereza nao wakaja baadaye na mradi wao wa kuzuia mmomonyoko, wakawalazimisha watu kulima matuta kwenye miteremko mikali, kazi ya jembe iliyochukiwa hadi ikageuka kuwa siasa ya kudai uhuru. Mwili uliolishwa ndizi na maharage na kufanyishwa kazi namna hiyo haukuwa na nafasi ya kunenepa.

Ndiyo maana madaktari wa wakati huo hawakukiona sana kisukari. Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba ni ugonjwa wa nadra na unaoua haraka. Maneno hayo mawili yasomwe pamoja. Kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili yenyewe huziua seli zinazotengeneza insulini, huwapata hasa watoto na vijana, na hakisababishwi na ulaji. Mtoto aliyeugua hivyo kabla ya mwaka 1922, Usambara au London, alikufa kwa wiki au miezi. Ugonjwa unaoua haraka kiasi hicho huonekana nadra, kwa kuwa wagonjwa hawafiki kwa daktari.

Januari 1922, mjini Toronto, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na wenzake, akapona kifo. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London akaonyesha kuwa wapo wagonjwa ambao insulini haiwasaidii sana, kwani miili yao inaikaidi. Hiyo ndiyo aina ya pili, iliyo nyingi kuliko zote, inayokuja polepole na umri, unene wa tumbo, kukaa bila kazi ya mwili, na damu ya ukoo. Ya tatu hutokea wakati wa mimba, na mama akishajifungua kwa kawaida huondoka, ila humwachia hatari ya kupata aina ya pili miaka ya mbele.

Tanzania ilipata bahati ya kuwa na Donald McLarty, daktari wa Muhimbili, aliyeamua kwenda vijijini kuhesabu. Mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima zaidi ya 6,000 wa vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa mia. Mwaka 1992 kundi hilohilo, likiongozwa na A. B. Swai, likaukana uvumi wa kitaalamu uliokuwa umeenea duniani kwamba sumu ya muhogo huleta kisukari. Walipima kijiji cha walaji muhogo na hawakukuta ziada yoyote. Kwa mkoa wa Tanga, ilimo Usambara na ambako bada, yaani ugali wa muhogo, ni chakula cha heshima, hiyo haikuwa habari ndogo.

Kisha hesabu zikaanza kubadilika. Utafiti wa miaka ya 1996 na 1997 ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha migomba kwenye miteremko ya Kilimanjaro kinachofanana sana na vijiji vya Usambara. Wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 1.7 kijijini na 5.9 mjini, wanawake 1.1 na 5.7. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulitoa asilimia 9.1.

Na mji sasa umepanda mlima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona, na unapanda karibu mita 1,000. Zamani mzigo ulipanda kichwani. Siku hizi bodaboda na daladala hufanya kazi hiyo. Kabichi, karoti na plamu za Lushoto hupakiwa kwenye matenga zikashuka kwenda Kariakoo, na fedha inayorudi hununua mchele, ngano, mafuta ya kukaangia na soda. Mkulima wa mboga anaweza kula mboga kidogo kuliko mnunuzi wake, jambo ambalo kila nikilifikiria hunichekesha na kunikera kwa pamoja.

Njaa nayo haijatoka kwenye hesabu. Wataalamu wa Uingereza, Hales na Barker, walieleza mwaka 1992 kwamba mtoto aliyedhulumiwa chakula tumboni huzaliwa na mwili uliozoea uhaba, na akija kukutana na shibe ukubwani hushindwa kuihimili. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari likaitambua rasmi aina nyingine, iliyopewa jina la aina ya tano, inayotokana na utapiamlo wa utotoni, na inayowakamata watu wembamba. Kwa hiyo usemi wa mitaani kuwa hiki ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi hauna msingi, na ni wa hatari, kwa sababu mkulima mkondefu anayekonda zaidi ataambiwa ana kifua kikuu au amelogwa kabla ya mtu kumtoboa kidole.

Kutoboa kidole kwenyewe ni jambo la dakika. Tone la damu juu ya kijiti, na mashine inasoma: milimoli 7 kwa lita au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote, ikirudiwa siku nyingine ikawa vilevile, ni kisukari. Baridi ya Lushoto nayo ina faida yake kwa anayetumia insulini bila friji, maana chupa ikiwekwa karibu na mtungi wa maji hukaa na ubaridi vizuri kuliko ingekaa Mombo. Panapouma zaidi mlimani ni miguuni. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu, mtu akakanyaga msumari asijue. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kufundisha wauguzi kuikagua miguu ya wagonjwa kabla kidonda hakijafika kwenye mfupa. Mgonjwa wa mjini aliyekatwa mguu anaweza kurudi kwenye duka lake. Wa Mlalo au Bumbuli, ambaye shamba lake limesimama kama ukuta, hana pa kurudi, na hapo suala linatoka mikononi mwa muuguzi na kuwa la halmashauri: vijiti vya kupimia viwepo zahanati, au mgonjwa aendelee kutafuta nauli ya kushuka hospitali ya Bombo, Tanga.