Mfereji wa Udongo na Maji Yadhaniwayo Kupotea

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni kweli kwa mtungi uliovunjika mlangoni, lakini katika mambo ya kilimo imekuwa kama hukumu. Mkulima huchimba mfereji katika udongo mtupu, akayatoa maji mtoni na kuyapeleka shambani. Sehemu ya maji hayo hunywewa na ardhi njiani. Naye amtazamaye kutoka bondeni husema kuwa maji yamepotea. Neno hilo ni zito kuliko lionekanavyo, kwa maana mtu akiisha kuitwa mpotezaji wa maji, hatua ya pili ni kumnyang'anya maji yenyewe.

Hapana shaka kwamba mfereji wa udongo huvuja. Ardhi ya kichanga hunywa upesi, ya mfinyanzi hunywa polepole. Mfereji mpya huvuja zaidi kuliko mkongwe, kwa kuwa tope laini liletwalo na maji huziba vitundu vya ardhi kidogo kidogo. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeuletea maji mji wa Dijon, alitangaza kanuni ya mwendo wa maji katika mchanga, na kanuni hiyo ndiyo msingi wa hesabu za uvujaji hata leo. Lakini wakulima wa Afrika Mashariki walijua mengi bila ya kanuni. Walijua, mathalani, kwamba mfereji wenye maji machache hupoteza sehemu kubwa zaidi ya maji yake, maana ardhi hunywa haki yake kwanza, yawe mengi au haba. Kwa ajili hiyo Wapare walijenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yakusanyayo maji usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe kwa wingi na kufika mashamba ya mbali. Wachaga nao walikuwa na mifongo iliyoteremka katika miteremko ya Kilimanjaro, kila mfongo una wenyewe, na kazi ya kuuzibua na kuziba nyufa zake ilikuwa wajibu wa kila mwenye zamu ya maji.

Waliouleta uvujaji katika daftari za serikali ni wahandisi wa mifereji mikubwa. Katika miaka ya 1880 R. G. Kennedy, aliyetumikia mfereji wa Bari Doab huko Punjab, alipima maji tangu mtoni hadi shambani. Katika kila sehemu 100 zilizoingia mferejini, 20 zilipotea katika mfereji mkuu, 6 katika matawi yake, na 21 katika vijifereji vya vijiji. Zilizofika mashambani zilikuwa 53 tu. Hesabu hiyo ilistaajabisha watu. Lakini maji yale hayakutoweka duniani. Yalishuka chini, na miaka ilivyopita kiwango cha maji ya ardhini kikapanda. Mahali pengine mashamba yaligeuka kuwa matope na chumvi. Mahali pengine watu walichimba visima, wakavuta kwa mitambo maji yale yale yaliyohesabiwa kuwa hasara. Hivyo uvujaji mmoja ulikuwa balaa kwa huyu na akiba kwa yule. Hesabu ya Kennedy ilikuwa sahihi, lakini ilikoma ukingoni mwa shamba.

Katika milima ya Uluguru, hukumu ya wataalamu iliangukia udongo. Mwaka 1950 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko, ili udongo usichukuliwe na mvua na mito ishukayo pwani isiharibike. Nia haikuwa mbaya. Lakini mahali pengi udongo wa juu, wenye rutuba, ulikuwa mwembamba, na kuchonga ngazi kulifukua udongo duni wa chini. Wenyeji walilalamika kwamba kazi ilikuwa nyingi na mavuno haba. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa; na mpango ukaachwa. Somo lililobaki si kwamba wataalamu hawana kazi mlimani. Ni kwamba kipimo kisichouliza mambo yanavyokwenda mahali penyewe huweza kumtia hatiani mtu asiyestahili.

Somo hilo lilijaribiwa tena katika bonde la Usangu, na safari hii juu ya maji. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na katika miaka hiyo hiyo bwawa la umeme la Mtera lilipungukiwa maji. Wakulima wadogo wa mpunga walilaumiwa kuwa mifereji yao ya udongo inapoteza maji. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kujenga milango ya saruji mitoni, kwa matumaini kwamba ufanisi ukiongezeka, maji yatakayookolewa yatakwenda chini. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia, walipoufuata mkondo hatua kwa hatua mwanzoni mwa karne hii. Waliona kwamba maji yaliyotoka katika jaruba moja yalipokewa na jaruba la chini yake, na kwamba kwa kuhesabu bonde zima, wakulima hawakuwa wabadhirifu kama walivyodhaniwa. Tena milango ya saruji iliwawezesha watu wa juu kuchota hata maji machache ya kiangazi, ambayo zamani yaliupita ukingo wa mawe na majani na kuwafikia wa chini. Mto ulikauka hasa kwa sababu maji ya kiangazi yalitolewa na kukaushwa na jua katika mashamba na mifereji. Kusakafia mifereji peke yake hakungeurudisha.

Lakini haifai kutoka katika kosa moja na kuangukia jingine. Si kila tone lizamalo hurudi. Mahali ambapo maji ya ardhini yako mbali sana, au yana chumvi, au huibukia kwenye kinamasi kilicho wazi kwa jua, kilichovuja kimekwenda. Na hata lile lirudilo huweza kurudi baada ya miezi, wakati mche wa nyanya umekwisha kunyauka.

Mambo haya yanaihusu Mafiga, kata ya mji wa Morogoro ulipo mtambo wa kusafisha maji ya mji. Maji hayo hutoka bwawa la Mindu, lililojengwa katika mto Ngerengere mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Juu ya bwawa, kandokando ya mito kama Mzinga na Mlali, wakulima humwagilia mboga wakati wa kiangazi. Mfereji wao ukisakafiwa, maji yatafika shambani kwa wingi zaidi. Lakini kama maji yaliyookolewa yatatumiwa kupanua bustani, na yale yaliyokuwa yakivuja ndiyo yaliyokuwa yakiurudia mto, bwawa halitapata kitu, huenda likapungukiwa. Kama yalikuwa yakiishia kwenye majani ya kinamasi, basi saruji itakuwa imewafaa wote. Jibu hutegemea mfereji wenyewe na udongo wake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuhukumu hana budi kupima mahali pawili, katika mfereji na katika mto chini yake, masika na kiangazi, ndipo aseme nani amepoteza nini. Bila ya kipimo cha pili, watu wa mlimani watalaumiwa kwa kiu isiyosababishwa nao, na watu wa mjini watalipia saruji isiyowaletea maji.