Lantana na Mahame ya Handeni

Lantana ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Katika karne ya 17 Wazungu waliupeleka mti huu Ulaya, na watunza bustani wakachanganya aina zake hata wakapata maua ya rangi nyingi. Linnaeus akaupa jina la kitaalamu mwaka 1753. Kisha ukaenezwa katika makoloni, uwe pambo na ua wa nyumba. Vitunda vyake, viivapo huwa vyeusi, huliwa na ndege. Nao ndio walioitoa mbegu bustanini wakaipeleka porini.

Katika Korogwe na Handeni huota kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Ni rahisi kusema kwamba umewanyang'anya watu ardhi. Lakini mti huu hupenda mahali palipofyekwa kisha pakaachwa. Yatupasa basi kuuliza: ni nani aliyeondoka, na kwa nini?

Katika karne ya 19 Wazigua wa Handeni walifuga ng'ombe, kwa kuwa kufyeka na kulima kandokando ya vijiji kulimweka mbung'o mbali. Ndipo ikaja sotoka, ikafuata njaa ya 1894 hadi 1896, kisha kodi ya Wajerumani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakataka vibarua. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992, ameeleza jinsi pori lilivyorudi, na mbung'o pamoja nalo, ng'ombe wakafa. Pori la kienyeji lilitosha kwa msiba huo. Lantana imeongezeka juu ya mahame yaliyokwisha kuwapo.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ana pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1911 + 100, yaani 2011, ulionyesha kwamba nchini Tanzania nyumba zilizopandiwa lantana ziliingiwa na mbu wachache. Lakini majani yake hudhuru maini ya ng'ombe. Na huko Alego, Kenya, mwaka 1964, vichaka vyake vilivyozunguka nyumba vilimficha mbung'o, watu wakapatwa na malale.

Kwa hiyo panga peke yake halitoshi. Shamba lisilo na mkulima litafyekwa leo, na kesho litaota tena.