Umeme Unaovuka Bahari Ras Kiromoni

Kwenye ufukwe wa kaskazini mwa Dar es Salaam, njia ya kuelekea Bagamoyo, kuna rasi iitwayo Ras Kiromoni. Hapo ndipo umeme wa Bara unapoingia baharini na kwenda kuibukia Fumba, Unguja. Kebo ya kwanza ya umeme huo ililazwa mwaka 1980, ikiwa na uwezo wa megawati 45 kwa msongo wa kilovolti 132. Kabla yake Unguja ilitegemea majenereta ya dizeli.

Mkono wa bahari kati ya Unguja na Bara ulishapitiwa na kebo zamani. Mwaka 1890 ilitandazwa kebo ya telegrafu kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, ikaendelea Dar es Salaam. Ile ilibeba umeme mdogo wa betri, wa kutosha kupeleka ujumbe tu. Kuwasha taa za kisiwa kizima kulihitaji transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha msongo wa umeme, somo ambalo vijana wetu wa kidato cha nne hulisoma kwa shida.

Msingi wa transfoma uligunduliwa London tarehe 29 Agosti 1831. Michael Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia koili mbili zisizogusana. Moja aliiunga na betri. Ya pili aliiunga na waya uliopita karibu na sindano ya sumaku. Alipounga betri, sindano ilishtuka, kisha ikarudi mahali pake. Umeme ukaendelea kupita, sindano imetulia tuli. Alipokata, ikashtuka tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, kwa kukariri kwamba sumaku huzaa umeme. Sumaku iliyotulia mbele ya koili iliyotulia haizai kitu. Kinachozaa umeme ni badiliko la usumaku, ndiyo maana transfoma hutaka umeme unaogeukageuka. Huu wetu hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde.

Faida ya transfoma ni kubwa. Ukipandisha msongo kutoka kilovolti 33 hadi 132, mkondo wa kubeba nguvu ileile hubaki robo, na joto linalopotea kwenye waya hubaki sehemu moja ya 16. Kwa njia hiyo umeme wa Hale, kituo cha megawati 21 kilichojengwa Mto Pangani mwaka 1964, uliweza kusafirishwa hadi Dar es Salaam.

Unguja iliijua thamani ya kebo ile ya 1980 kwa uchungu. Mei 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo na madumu. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013. Ilichelewa mno, kisiwa kizima hakikupaswa kutegemea kebo moja kwa zaidi ya miaka 30.

Leo umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, ulioanza kuingia gridi ya taifa Februari 2024, hufika Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400. Chalinze imo wilayani Bagamoyo. Walimu wa fizikia wa Bagamoyo, andikeni barua TANESCO, ombeni ruhusa, wapelekeni wanafunzi kwenye kituo cha kupoza umeme cha Chalinze. Wasikie mvumo wa transfoma, waone mapezi yanayopoza mafuta yake, waulize maswali. Na shule isiyo na nauli ianze na pete ya chuma, waya wa shaba, betri na dira.