Mwalimu Pestalozzi na Hesabu za Sehemu

Wasomaji wetu wengi wamesoma hesabu, nao wanajua mahali ambapo njia yake huwa nyembamba. Kujumlisha na kutoa mtoto huvipita kwa furaha. Lakini afikapo darasa la nne au la tano, akakutana na hesabu za sehemu, mara hurudi nyuma. Mwulize nusu na theluthi jumla yake ni nini, na pengine atajibu ni humusi mbili, kwa kuwa amejumlisha moja na moja, tena mbili na tatu. Kumbe humusi mbili ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Ameongezewa kitu, nacho kimepungua, wala hashangai. Ni rahisi kumwita mjinga. Walakini imetupasa kuuliza kwanza alifundishwaje. Jambo hili lilimshughulisha sana mwalimu mmoja wa nchi ya Uswisi, yapata miaka 200 na zaidi iliyopita, na habari zake zafaa kujulikana na wazazi na walimu.

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa mjini Zürich mwaka 1746. Zamani zile, katika shule nyingi za Ulaya, hesabu ilikuwa kazi ya kuhifadhi tu. Mwalimu alitoa kanuni, mtoto akaiandika na kuikariri. Maana yake hakuulizwa. Hata mwezi wa Septemba 1798 askari wa Ufaransa wakaipiga nchi ya Nidwalden, wakachoma nyumba na kuua watu wengi, na watoto wakabaki yatima. Serikali ikampa Pestalozzi kazi ya kuwatunza katika mji wa Stans. Akawapokea watoto wapatao 80, karibu peke yake, bila vifaa vya kutosha. Kazi ile haikudumu mwaka mmoja, maana mwezi wa Juni 1799 nyumba ilitwaliwa iwe hospitali ya askari. Lakini jambo aliloliona kwa watoto wale alilichukua mpaka shule zake za Burgdorf na Yverdon: ya kuwa tarakimu haina maana kwa mtoto kabla hajakijua kitu chenyewe.

Basi akatengeneza karatasi kubwa tatu za kutundika ukutani. Ya kwanza ilikuwa na mistari mifupi, mmoja mmoja, miwili miwili, mpaka kumi kumi, mtoto apate kuihesabu kwa kidole. Ya pili ilikuwa na miraba, mingine mizima, mingine imekatwa nusu, mingine theluthi, hata ushuri. Katika ya tatu miraba ilikatwa kwa mistari ya kusimama na ya kulala pia.

Hebu tumrudie mtoto wetu. Chora mraba, uugawe mafungu mawili kwa mstari wa kusimama, kisha matatu kwa mistari ya kulala. Vyumba ni sita. Nusu ya mraba ni vyumba vitatu, na theluthi yake ni vyumba viwili. Jumla ni vitano, ndiyo sudusi tano. Mtoto aliyeona hivi kwa macho hawezi tena kusema humusi mbili. Naye afahamu kwa nini twazifanya sehemu kuwa za namna moja kabla ya kuzijumlisha. Kanuni haikuachwa, imekuja nyuma, baada ya maana.

Mafundisho hayo yalivuka bahari. Mwaka 1821 Warren Colburn, mwalimu wa Boston katika Marekani, alitoa kitabu cha hesabu kwa njia ya Pestalozzi, kikianza na maswali madogo ya vitu ambavyo mtoto huvijua, ayajibu kwa kichwa.

Walakini tusifikiri ya kuwa karatasi ukutani yatosha. Walikuwapo walimu walioiga mambo ya nje tu, wakawaimbisha watoto mistari na miraba siku kwa siku, hata picha nazo zikawa kitu cha kukariri. Shule ya Yverdon yenyewe ilidhoofishwa na ugomvi wa walimu, ikafungwa mwaka 1825, na mzee akafa mwaka 1827.

Hata hivyo mbegu haikupotea. Mwaka 1814 alikuja Yverdon kijana wa miaka 18, Jakob Steiner, mtoto wa mkulima wa Utzenstorf, ambaye hakujua kuandika mpaka alipokuwa na miaka 14. Huyo, ambaye wengi wangemhesabu amechelewa, alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Berlin mwaka 1834, mmoja wa mabingwa wa jiometria wa karne yake. Alipokufa mwaka 1863 alikuwa ameiachia fedha shule ya kijiji chake, wapewe zawadi watoto hodari wa hesabu za kichwa.

Nasi hatukosi vyombo. Lugha yetu ina nusu, theluthi, robo, humusi na sudusi, na kila nyumba ina uwanja na kijiti cha kuchorea. Mtoto akirudi jioni na hesabu iliyokosewa, tusianze kwa kumkemea wala kwa kumpa kanuni tena. Na achore mraba mchangani, aukate, ahesabu vyumba, kisha atueleze mwenyewe alichokiona.