Mali bila daftari: majarida yaliyochapisha programu

Kuna majarida ambayo ukiyaona utadhani mchapishaji wake amepotea njia. Juiced.GS ni mojawapo. Hili ni jarida la karatasi la kompyuta ya Apple II, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, wakati Apple ilikuwa imeacha kuuza Apple IIe tangu Novemba 1993. Yaani jarida lilizaliwa mashine ikiwa tayari imezikwa! Nchini Uingereza, Crash, jarida la ZX Spectrum lililoanza 1984 na kufa 1992, limefufuliwa na wapenzi wa mashine hiyo. Na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba COMPUTE!'s Gazette, jarida la Marekani la wenye Commodore, linarudi.

Swali langu ni hili: toleo jipya la jarida la tarakilishi ya miaka arobaini iliyopita lina kazi gani? Wengi watajibu kwamba ni wazee wanaokumbuka ujana wao. Mimi nina jibu jingine, lakini kulielewa inabidi turudi nyuma kidogo tuone majarida haya yalikuwa yakifanya kazi gani.

Commodore 64 ilianza kuuzwa 1982 kwa dola 595. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, ukaichomeka kwenye runinga ya nyumbani, na ukiiwasha ilikukaribisha moja kwa moja kwenye lugha ya BASIC. Haikuwa na diski kuu. Intaneti ya nyumbani haikuwapo. Programu za dukani zilikuja kwa kaseti au disketi na zilikuwa ghali. Basi majarida yakafanya jambo ambalo leo linaonekana la ajabu: yalichapisha programu yenyewe karatasini, mstari kwa mstari. Msomaji alinunua jarida, akaketi mbele ya kibodi na kuanza kunakili. Akimaliza anahifadhi kwenye kaseti. Stima ikipotea kabla hajahifadhi, anaanza upya.

Haya hayakuanzia kwa Commodore. Mwaka 1973 David Ahl, akiwa katika kampuni ya DEC, alitoa kitabu cha michezo 101 iliyoandikwa kwa BASIC, na wenye kompyuta za nyumbani walipotokea baadaye walikuta desturi ya kunakili iko tayari. Majarida yaliikuza tu, yakaifanya ya kila mwezi.

Sasa fikiria tatizo lake. Ukinakili mistari mia mbili, utakosea. Makosa mengine kompyuta inakwambia, lakini yale mabaya zaidi hunyamaza. Chukua amri hii ya Commodore 64:

POKE 53280,0

Inafanya ukingo wa skrini uwe mweusi. Ukigeuza tarakimu mbili tu ukaandika POKE 52380,0 kompyuta haitalalamika hata kidogo. Itaweka sifuri kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa kawaida iko tupu, na ukingo utabaki na rangi yake ileile. Utakodolea macho skrini usijue kosa liko wapi. Na ikiwa ungekosea upande mwingine, ungeweza kuvuruga programu nzima.

Wahariri wa COMPUTE!, jarida lililoanza 1979 na ambalo Gazette ilikuwa mtoto wake kuanzia Julai 1983, walipata dawa. Oktoba 1983 walichapisha programu fupi iliyoitwa Automatic Proofreader, kazi ya Charles Brannon. Ukishaichapa na kuiwasha, kila ukimaliza mstari inajumlisha thamani za herufi zake na kukuonyesha namba. Jaridani, kando ya mstari huohuo, kuna namba iliyochapishwa. Zikilingana, songa mbele. Zisipolingana, rudi ukague. (Programu ya kukagua makosa nayo ilibidi uichape kwa mkono kwanza. Dunia haina huruma.)

Lakini wewe msomaji makini umeshaona tundu. Kujumlisha hakujali mpangilio. 5+3+2+8+0 ni 18, na 5+2+3+8+0 pia ni 18. Kosa letu la ukingo mweusi lingepita mbele ya mlinzi huyu likimpungia mkono. Ndiyo maana Februari 1986 likatoka toleo jipya la programu hiyo, ambalo lilizingatia pia nafasi ya kila herufi. Tuonyeshe kwa tarakimu zetu: zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kadhalika. 53280 inatoa 49. 52380 inatoa 50. Mwizi amekamatwa.

Wazo la namna hii unalo mfukoni. Tarakimu ya mwisho ya kadi yako ya benki hupatikana kwa hesabu inayojali nafasi, ili ukikosea kuandika namba hiyo mashine igundue. Namba ya simu haina kinga hiyo. Geuza tarakimu mbili na unaweza kumtumia pesa mtu usiyemjua, ndiyo maana ni muhimu kusoma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Wanaoandika mifumo ya malipo humu nchini wanajua maumivu ninayoyasema.

Tatizo la pili lilikuwa lugha ya mashine, kwa sababu BASIC ilikuwa ya polepole na programu nzito hazikuandikwa kwayo. Karatasini zilionekana kama ukurasa baada ya ukurasa wa namba tupu. Desemba 1983 COMPUTE! ikatoa MLX, programu ya kuingizia namba hizo, ambayo ilikataa mstari wenye kosa hapohapo hadi uusahihishe. Mwezi uliofuata, Januari 1984, Gazette ikachapisha SpeedScript, programu ya kuandikia barua na makala, nayo kazi ya Brannon. Ilikuwa na kilobaiti 5 hivi. Kilobaiti tano! Picha moja unayotumiwa kwenye simu asubuhi inaweza kuzidi hizo mara mia. Watu walichapa namba hizo elfu tano hivi kwa mkono, haba na haba, na mwishowe wakawa na programu kamili ya ofisi kwa bei ya jarida.

Desturi hii ilikufa kwa sababu za kueleweka. Programu zilirefuka kuliko kurasa, disketi zikashuka bei, na majarida ya Uingereza yakaanza kubandika kaseti kwenye jalada. COMPUTE! iliacha kuchapisha programu mwaka 1988. Gazette ilikoma kuwa jarida la kujitegemea 1990.

Lakini angalia kilichobaki. Kaseti na disketi huhifadhi data kwa sumaku, na sumaku hufifia, utepe hupata ukungu, vifaa vya kuusomea huharibika. Karatasi inakaa tu. Kurasa za majarida hayo zimeskaniwa na zinapatikana Internet Archive, pamoja na namba zake za ukaguzi. Leo hii unaweza kuchapa programu ya 1984 na kujua mstari kwa mstari kama umeipata sawasawa. Wahariri wale walitaka tu kupunguza simu za malalamiko, na bila kukusudia wakatuachia njia ya kuthibitisha kazi yao miaka arobaini baadaye.

Hapa ndipo hadithi hii inaponihusu. Katika kazi yangu ya kwanza baada ya chuo nilikabidhiwa mfumo wa kutunza hesabu ulioandikwa takriban mwaka 2006. Nikauliza msimbo chanzo uko wapi. Hakuna. Kulikuwa na faili moja la .exe kwenye kompyuta moja kuukuu iliyofunikwa kitambaa, na aliyeiandika alikuwa ameshahama nchi. Kila kodi ilipobadilika, karani alikokotoa tofauti kwa kikokotoo na kuandika pembeni kwa kalamu. Tulichukua miezi minane kuuandika upya, tukikisia kanuni zake kutoka kwenye risiti za zamani. Programu ya miaka kumi na tano ilikuwa imepotea kabisa ilhali ya mwaka 1984, ya mashine iliyokufa, bado inasomeka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ni mali. Kizazi kizima cha wanaprogramu wa Kenya kiliandika mifumo ya shule, ya saccos, ya hospitali ndogondogo, na sehemu kubwa iko kwenye diski zinazokufa kimyakimya makabatini. Hakuna jarida lililoichapisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Toleo jipya la jarida la kompyuta ya zamani ni daftari linaloendelea kuandikwa. Linaeleza mashine inafanyaje kazi, nani aliandika nini, na kwa nini, wakati wanaojua wangali hai kuulizwa. Nasi tunaweza kuanza na letu. Ukikuta msimbo wa zamani ofisini kwenu, omba ruhusa, unakili, weka maelezo yanayosomeka na mtu, andika jina la aliyeutengeneza na mwaka. Halafu weka namba ya ukaguzi, ili atakayekuja ajue hakuna kilichobadilika njiani.

Alamsiki.