Mtaka cha mvunguni: Historia ya mahali pa nguo katika Kiswahili

Majuzi nilipita Suam, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa kaskazini wa Mlima Elgon. Ilikuwa msimu wa mavuno, na mama mmoja anayeuza nguo za mitumba alinisimamisha aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa na daftari la bintiye mkononi. Mtoto alikuwa ameandika insha kuhusu kupanga vitu nyumbani. Mwalimu wake alikuwa ameyazungushia maneno mawili wino mwekundu, "kabati" na "droo", na kuandika kando: "Hiki si Kiswahili."

"Sasa mwalimu," mama akaniuliza, "huyu mtoto angesema nini? Hapa kwetu mahindi yakivunwa yanaingia mpaka chumba cha kulala. Nguo zinakosa pa kukaa. Nimemwambia fundi anitengenezee kitanda chenye droo chini. Hata fundi anasema droo."

Nilimpa jibu fupi pale sokoni, lakini swali lake halikunitoka akilini. Limebeba historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na linahusu jambo zito: ni nani anayeamua kwamba maneno ya mtoto wa Suam ni Kiswahili au si Kiswahili?

Tuanze na mlima wenyewe. Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi katika mapango pamoja na mifugo yao. Vazi la wakati huo katika sehemu hizi lilikuwa ngozi, na aghalabu mtu alikuwa na moja tu. Mwenye vazi moja hana haja ya kabati. Kabati lake ni mwili wake. Usiku vazi hilo hilo humfaa kujifunika. Kwa hiyo, tusije tukadhani kwamba kukosekana kwa jina la kifaa fulani katika lugha ni dalili ya upungufu wa akili. Kifaa huja pale mali inapozidi nafasi, na jina hufuata kifaa.

Pwani, nguo zilizidi mapema kwa sababu ya biashara ya Bahari Hindi. Ndiyo maana msamiati wa kuhifadhi nguo ulikomaa huko kwanza. Neno "sanduku" lilitoka katika Kiarabu. Masanduku yenyewe, yale ya msaji yenye misumari ya shaba, mengi yaliletwa kutoka India. Ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo vya kufichia vito, na bibi harusi aliingia nacho chombo hicho katika nyumba yake mpya. Kisha walikuja Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kutimuliwa humo mwaka 1698. Walituachia "kasha", yaani sanduku kubwa, na "bweta", yaani sanduku dogo. Walituachia pia "leso" na "meza".

Hapa pana jambo la kufurahisha. Waswahili walipoiona meza yenye kijisanduku cha kuvuta, hawakuhangaika. Walikiita "mtoto wa meza". Meza ni ya Kireno, mtoto ni wetu. Pia lipo neno "saraka" kwa maana hiyo hiyo. Kwa hiyo, yule mwalimu mwenye wino mwekundu alikuwa na nusu ya haki: droo ina majina katika Kiswahili, na mtoto angefaidika kuyajua. Lakini kumwambia mtoto kwamba amekosea bila kumpa neno mbadala ni sawa na kumvua mtu koti usiku wa baridi na kumwacha hivyo.

Neno jingine lenye safari ya ajabu ni "bahasha". Leo tukilisikia tunafikiria barua. Lakini kamusi za awali za Kiswahili zinaieleza bahasha kuwa mfuko wa mraba wa kutilia nguo, vitabu au karatasi. Wataalamu hulihusisha na neno la Kituruki "bohça", kitambaa cha mraba cha kufungia nguo. Nguo zilipohamia kwenye sanduku, bahasha ilibaki na karatasi peke yake.

Bara, nguo zilifika mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi uliitwa "mtumba", na mara nyingi ndani yake mlikuwa merikani, kitambaa kilichopata jina kutokana na Marekani kilikofumwa. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, nguo hazikuhitaji tena bega la mtu. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya masetla, na katika nyumba zao mlikuwa na chombo kirefu chenye milango miwili. Waliofanya kazi humo walikipangusa vumbi kila siku, na bila shaka walilisikia jina lake kila siku. Ndivyo maneno ya aina hii, kama "kabati", yalivyopata miguu ya kutembea hadi vijijini. Katika Kiingereza chenyewe, jina hilo awali lilimaanisha ubao wa kuwekea vikombe. Wenyewe walilihamisha kutoka vikombe hadi nguo. Nasi tulilihamisha kutoka lugha hadi lugha. Leo limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Basi kabati ni Kiswahili, na mtoto arudishiwe alama yake.

Anayelikataa "kabati" kwa sababu limetoka Ulaya, na alikatae "sanduku" kwa sababu limetoka Uarabuni. Alikatae "rafu" pia, maana nalo ni la Kiarabu, ingawa wanafunzi wangu hucheka wakidhani nazungumzia mchezo mbaya wa kandanda. Akimaliza kukataa, atabaki na nguo sakafuni.

Hata hivyo, si kila kitu tulikopa. Lipo neno "chango", kigingi cha ukutani cha kuangikia vitu. Fundi yeyote wa Kitale au Bungoma anaweza kupigilia vyango kumi nyuma ya mlango kwa gharama ndogo, lakini mteja akitaka huduma hiyo husema "hengi za nguo". Na lipo "mvungu", nafasi iliyo chini ya kitanda. Nafasi hii wahenga waliijua vyema kiasi cha kuitungia methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali haitungwi juu ya kitu kisichotumika. Ina maana kwamba kabla ya kabati, na hata kando ya sanduku, ghala la nyumba ya Mswahili lilikuwa pale anapolala. Yule mama wa Suam na fundi wake hawakuwa wakibuni jambo geni. Walikuwa wakiurudia mvungu, safari hii wakiuwekea saraka.

Sababu ya nguo kuzidi siku hizi tunaijua sote. Mtumba wa mpagazi umegeuka mitumba, nguo zilizovaliwa ng'ambo, zinazofika katika robota ambazo kwa kawaida huwa na kilo 45. Ukivuka daraja la Suam tu, jina hubadilika na kuwa "mivumba". Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi hatua kwa hatua kufikia 2019, lakini Kenya ikajiondoa katika mpango huo. Mwaka 2020 Kenya ilizipiga marufuku kuanzia Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona, kisha zikarudi. Nguo ambayo babu aliipata moja kwa miaka, mjukuu anaipata sokoni kila wiki. Nyumba haikupanuka. Na kwenye baridi ya Elgon, ambako kila mtu anahitaji sweta na blanketi, gunia la mahindi na furushi la nguo hugombea kona moja. Gunia ndilo hushinda, kwa sababu ndilo chakula na ada ya shule.

Nilimwambia yule mama amwandikie binti maneno manne nyuma ya daftari: mvungu, saraka, chango, rafu. Kila moja ni nafasi ya nguo ambayo tayari imo nyumbani mwake: chini ya kitanda, ndani ya mvungu huo, nyuma ya mlango, juu ya dirisha. Akayaandika mwenyewe, akisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mvungu akacheka. "Hili nalijua," akasema. "Mama yangu alikuwa akilitumia."

Walimu wenzangu, wino mwekundu ni rahisi kumwaga. Kabla ya kuumwaga, tuiname kwanza tutazame mvunguni. Neno tunalomnyima mtoto huenda nyanya yake alilihifadhi huko.